Zamu ya Hatua

“Nakusuta, Mwantumu! Nakusuta mchana kweupe, na asiyetaka kusikia aingie chumbani kwake ajifungie!”

“Unisute kwa lipi, Hidaya? Mimi ndiye niliyemvunja mumeo?”

“Hukumvunja. Umemkata!”

Ua mzima ukapoa. Bomba liliachwa likimwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa, na aliyekuwa anasugua sufuria akabaki na mchanga mkononi. Nyumba ile ya vyumba kumi na viwili, pale Manundu, Korogwe, haikuwahi kukosa watazamaji. Ugomvi wa wawili ulikuwa wa wapangaji wote, kama choo na kamba za kuanikia nguo. Lakini huu haukuwa na utamu. Hakuna aliyeficha kicheko nyuma ya upindo wa khanga.

Kaniki, mume wa Hidaya, alikuwa amekaa mlangoni pao akiwapa watu mgongo. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu arudishwe kutoka Kituo cha Mifupa. Mguu wa kulia wa suruali yake ulikunjwa na kubanwa kwa pini, juu ya pale lilipokuwa goti.

“Mwenzangu,” Mwantumu alisema, akijitahidi kushusha sauti, “mimi mfuatiliaji tu. Napita majumbani, naangalia waliotibiwa wanaendeleaje, naandika. Sichagui dawa. Hata daktari siku hizi hachagui, na wewe unajua. Mizani ndiyo inayosema.”

“Mizani, Mizani! Dokta Semkiwa alilia mbele yangu, Mwantumu. Mwanamume mzima, na koti lake jeupe! Akaniambia, mama, paja lililovunjika namna hii ningelitia chuma, lakini Mizani imesema utomvu, na nikitia chuma bila kibali nanyang'anywa leseni. Haya, wakamdunga huo utomvu wenu wa mkonge, eti gundi ya mfupa. Mfupa ukateleza humo ndani kama ndala kwenye tope, ukachana mshipa, mguu ukafa. Sasa nijibu. Mizani ilijuaje kwamba utomvu ni bora? Nani aliiambia?”

“Ushahidi. Wagonjwa mia nane na zaidi, mikoa sita. Kura iliwagawa, nusu utomvu, nusu chuma. Wa utomvu walitembea mapema kuliko wa chuma. Hayo hayakutungwa na mtu, Hidaya, ni hesabu ya hatua zilizo—”

“Walitembea!” Hidaya alipiga kofi moja kubwa, akalisukuma neno lile usoni mwa mwenzake. “Walitembea kwa miguu ya nani? Somoe alipokuwa anazunguka mji na beseni la vitumbua, kikuku cha mzee Mbelwa kikiwaka mguuni, wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unakunywa chai!”

Pale kizingitini, Somoe alikuwa akipeta mchele. Hakumtazama mtu. Alisimama taratibu, akaingia ndani na ungo wake, na pazia likaanguka nyuma yake.

Mwantumu akalitazama lile pazia. Uso baada ya uso, watu wote uani wakaangalia chini. Hapo ndipo alipojua kwamba jambo hili lilikuwa linajulikana na nyumba nzima isipokuwa yeye, aliyejisifu kwamba hapiti mbu Manundu bila yeye kuambiwa.

*

“Dada Mwantu, mimi sikuiba,” Somoe alisema kabla hajaulizwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono ameibana katikati ya magoti.

“Sijasema umeiba. Nieleze tu.”

“Unakijua kikuku chenyewe kilivyo.”

Alikijua. Kilikuwa bangili nyepesi ya plastiki, iliyofungwa kwenye kifundo cha mguu cha kila aliyevunjika, ama alitiwa utomvu ama chuma. Kilihesabu hatua na kupima kisigino kilivyokanyaga, mgonjwa akiegemea mguu au akiuogopa. Picha za eksirei zilikuwa hazisaidii tena, kwani utomvu ulitoka mweupe kwenye picha sawasawa na mfupa uliounga. Basi Mizani, ile mashine ya kuamua tiba, ilitegemea hatua. Zikitimia elfu tatu kwa siku, kikuku kiliwaka kijani. Zikipungua, kiliwaka chekundu na kuvuma kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa. Vikuku vya kwanza vilikuwa havifunguki, watu wakavikataa, wakauliza watatiaje udhu. Ndipo vikafanywa vya kufunguka. Na kikuku hakikuruhusiwa kumtambua mwenyewe, maana sheria ya siri za wagonjwa ilikataza.

“Mzee alikuwa hawezi,” Somoe aliendelea. “Wiki ya kwanza alijitahidi mpaka jasho. Kikuku kinavuma tu, kinavuma, usiku halali. Tukakaa hapa ukumbini tukasema, jamani, mgonjwa si hafagii? Zamu yake ya kufagia ua tunashika sisi. Zamu yake ya maji tunashika sisi. Sasa hizi hatua nazo si kazi aliyopewa na Kituo? Basi tumshikie. Asubuhi nikakivaa mimi, nikienda na vitumbua. Alasiri akakivaa wa chumba cha saba. Jioni tunamrudishia mzee, kijani tii, analala.”

“Na hamkuniambia.”

“Ungekuja kusumbuka bure.” Somoe akainua macho kwa mara ya kwanza. “Na wewe mwenyewe ulituambia, dada. Siku ile ulipoleta kikuku. Ulisema, hatua elfu tatu, jamani, msiniangushe. Tukasema hatumwangushi Mwantumu wetu.”

Mwantumu alikumbuka. Alikuwa amelisema hilo neno katika nyumba arobaini na moja, kwa tabasamu lile lile, na kila mahali watu walicheka na kuahidi.

Alivuka ukumbi mpaka chumba cha mzee Mbelwa. Mzee huyu alikuwa mshika ishara wa reli enzi zile treni bado zinaongozwa na watu, na hata sasa alivaa kofia ya kazi akiwa ndani. Alimkuta amekaa kitini, kama alivyomkuta kila mara, chupa ya chai na vikombe viwili tayari mezani, karata zimepangwa.

“Mwantu! Nasikia huko nje umesutwa. Kaa, tuipoze kwa chai. Na karata nimekuandalia, leo nakufunga.”

“Simama, baba.”

“Kwanza chai.”

“Simama, utembee hatua kumi. Fomu yangu inasema hivyo tangu mwanzo. Mgonjwa atembee hatua kumi mbele ya mfuatiliaji. Sikukuomba hata siku moja.”

Hakuwahi kumwomba kwa sababu mwenyeji aliyekukalisha na kukumiminia chai humwambii simama nikutazame. Alikuwa akiingia, anakiona kikuku kijani, anakaa, habari za mtaa zinaanza, na anapoondoka anaweka alama. Nyumba hii na nyingine arobaini. Watu walimpenda. Alikuwa anajua harusi zote na talaka zote, na namba zake zilikuwa nzuri kuliko za mfuatiliaji yeyote nchini. Alipewa hata cheti.

Mzee alimwangalia, mzaha ukamtoka usoni kidogo kidogo. Akashika meza. Akasimama. Hatua ya kwanza aliipiga na mguu mzima. Ya pili, uzito ulipoangukia mguu wa kushoto, muundi ulipinda katikati, pale ambapo mtu hana kiungo.

Hakulia. Alitoa pumzi tu, ndefu, akaurudia mkono wa kiti.

“Miezi minne,” Mwantumu alisema.

“Miezi minne na siku sita,” alisema mzee. “Sasa utakunywa chai?”

*

Alasiri yote ile, na kesho yake Alhamisi tangu asubuhi, alipita nyumba zile arobaini kwa miguu. Safari hii alikataa kukaa. Alisimama mlangoni akasema, naomba utembee hatua kumi. Wengine walitembea vizuri, akamshukuru Mungu waziwazi. Wengine walitazamana na majirani. Kule Msambangeni, mama mmoja alianza kulia kabla hajainuka. Mtaa wa stesheni alikuta kikuku kimevalishwa mbuzi, na mwenyewe akaapa kwamba ni siku mbili tu, jirani anayemshikia zamu amesafiri.

Wote waliokuwa wameshikiwa zamu walifika kumi na tisa.

Kituoni, Dokta Semkiwa alikuwa anavua glavu alipomkuta, kijana mrefu mwenye macho ya mtu aliyelala kidogo. Mwantumu aliweka karatasi mezani, akaeleza mpaka mwisho bila kupumzika. Daktari alisoma majina, kisha akakaa kwenye ndoo ya taka iliyofunikwa, kana kwamba ni kiti.

“Haiwezekani,” alisema. “Kura ilikuwa safi. Mimi mwenyewe sikujua nani atapata nini mpaka Mizani ilipotaja. Na kama watu wanashikiana zamu, si wangeshikiana pande zote, wa utomvu na wa chuma? Kosa lingekuwa sawa huku na huku, lisingepindua kitu.”

“Wa chuma mliwalaza wapi, dokta?”

“Wodini. Wiki sita, tuangalie kidonda.”

“Na wa utomvu?”

“Hao hawana kidonda. Kesho yake tuliwarudisha…”

“Nyumbani,” Mwantumu alimalizia. “Wodini nani akushikie zamu? Kila mtu amelala na mguu wake umening'inizwa. Lakini nyumbani watu tele.”

Daktari aliiweka karatasi magotini.

“Hatukupima utomvu,” daktari alisema polepole. “Tumepima majirani.” Akajipangusa uso. “Katika mikoa mingine mitano pande mbili zilikuwa karibu sawa. Mkoa wetu, yaani Korogwe hii, ndio ulioizamisha mizani. Wagonjwa wako. Na hii hukumu iliyopo ni ya majaribio, ya mkoa wetu tu. Kesho saa sita mchana Mizani inafunga ushahidi. Baada ya hapo ni nchi nzima, kila paja, kila muundi, na haifunguliwi tena kwa miaka mitano.”

“Kwa hiyo niseme kabla ya saa sita.”

“Useme kwa majina. Ushahidi usio na jina Mizani haiupokei. Na unaijua Sheria ya Ushahidi. Aliyepotosha kipimo, kwa kujua au kwa kutojua, kadi yake ya matibabu inafungwa mwaka mzima.” Alinyanyua karatasi, akaipitia tena kwa kidole. “Mbelwa huyu, kama ulivyonieleza, muundi wake haujaunga tu, haujafa. Ana nafasi bado. Nikimwandika kwamba ameanguka upya, amevunjika upya, sheria inaniruhusu chuma. Jumatatu ninamfanyia. Lakini kadi yake ikifungwa, mpaka mwaka ukiisha mfupa utakuwa umekufa. Hatatembea tena.”

“Na hawa kumi na wanane?”

“Mmoja mmoja ningeweza kujaribu. Taratibu. Kama hakuna atakayesema neno.”

Alikuwa hamwangalii usoni. Mwantumu aliona kwamba daktari huyu, aliyelia mbele ya Hidaya, alikuwa anampa mlango kwa moyo mweupe, na kwamba mlango huo ulikuwa mpana.

“Kwa mwezi, dokta, nchi nzima, mapaja yanayovunjika kama la Kaniki ni mangapi?”

“Usiniulize hivyo.”

“Nakuuliza.”

“Mia tatu hivi. Nne, siku za mavuno.”

*

Alimweleza mzee Mbelwa saa ya magharibi, wengine walipokuwa msikitini. Alimweleza yote, na Jumatatu ya daktari pia, maana aliona kumficha kungekuwa wizi juu ya wizi.

Mzee alichanganya karata kwa muda mrefu bila kugawa.

“Ulipofiwa,” alisema, “ulikuja hapa na begi na godoro. Bi mwenye nyumba hakutaka mjane, alisema wajane wanaleta maneno. Nani alisema huyu ni binti yangu?”

“Wewe, baba.”

“Sikudai kitu.”

“Hukudai.”

“Sasa nadai. Hao mia tatu, Mwantu, huwajui. Hawajavunjika hata. Huenda wako huko wanacheza mpira. Mimi unanijua. Mimi mguu huu hapa, unautazama.” Sauti yake ikapasuka, mzee mwenye mzaha ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiomba. “Nataka kwenda chooni kwa miguu yangu. Basi. Sitaki kingine. Usilitaje jina langu.”

Mwantumu alikuwa na maneno mengi siku zote. Watu walisema angeweza kuongea na nguzo ya umeme ikajibu. Sasa alikuwa na hili moja tu.

“Kaniki alikuwa anacheza mpira, baba,” alisema mwishowe. “Siku tunakupa kikuku, alikuwa hapo nje anacheza mpira na watoto. Alikuwa hajavunjika.”

Mzee Mbelwa alizikusanya karata, akazirudisha kwenye boksi, akalifunga. Alifungua kikuku mguuni, akakiweka mezani juu ya boksi. Kilianza kuvuma. Hakuna aliyekigusa.

*

Chumba cha Mizani kilikuwa kidogo, kiti kimoja na kioo kimoja, kama kibanda cha kupigia picha za pasipoti. Sauti yake haikuwa ya kike wala ya kiume.

“Unaleta ushahidi au unaondoa?”

“Naondoa.”

“Jina la kwanza.”

Alikuwa ameshika karatasi, lakini aliigeuza kifudifudi. “Mwantumu binti Shekigenda. Mfuatiliaji. Niliandika kwamba nimewaona watu arobaini na mmoja wakitembea, na sikumwona hata mmoja. Niliwaambia wasiniangushe.”

“Imepokelewa. Kadi imefungwa. Kibali cha kazi kimefungwa. Jina la pili.”

Alitaja. Kila jina lilipotoka alimwona mwenyewe, mlango wake, kikombe alichomnyweshea. Alifika kwa mgonjwa wa kumi na nane. Saa ya ukutani ilionesha saa tano na dakika arobaini.

“Una majina zaidi?”

Kumi na nane wangetosha pengine kuinua upande ule. Pengine. Aliuliza: “Nikiishia hapa?”

“Tofauti inabaki. Ndogo. Hukumu inasimama.”

Akafumba macho. “Mbelwa Kihiyo.”

“Uzito umetoka. Hukumu ya utomvu imesitishwa. Vyote viwili ni sawa mpaka ijulikane vinginevyo. Daktari atachagua pamoja na mgonjwa.”

Nje, ukutani, lile tangazo la kijani la hukumu ya utomvu, lililokuwa limekaa miezi miwili, lilizimika. Dokta Semkiwa alikuwa amesimama chini yake. Alimshika tu bega alipopita, akakimbilia chumba cha upasuaji, kwani mtu aliyevunjika paja alikuwa ameletwa tangu saa tano, akisubiri.

*

Aliporudi Manundu, sala ya Ijumaa ilikuwa imeisha. Habari ilikuwa imemtangulia, maana vikuku kumi na tisa vilizimika kwa mara moja, saa sita kasoro robo, mji mzima. Alipita uani akasalimia. Wachache waliitikia, shingo upande. Somoe aligeukia ukuta.

Ijumaa, nyumba ile ilikula pamoja. Ilikuwa desturi ya tangu na tangu. Mikeka inatandikwa ukumbini, kila chumba kinatoa chake, na anayepika pilau ni zamu. Aliyemo ndani huitwa, hata kama ana homa, hata kama mmegombana asubuhi. Mwantumu alikaa kitandani, mlango wazi, akasikia masinia yakishushwa. Akasikia majina yakiitwa, chumba kwa chumba. Lake halikuitwa. Alivua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akakaa kuvitazama.

Harufu ya iliki ilimfikia kwanza. Kisha kivuli.

“Hodi.”

Hidaya alikuwa amesimama mlangoni, upawa mkononi.

“Pita.”

“Sipiti. Nina pilau jikoni.” Akaangalia dari, akaangalia viatu vile vilivyopangwa. “Sijakusamehe, nataka ujue. Mguu ule ulikuwa wa mume wangu na mimi pia.”

“Najua.”

“Na wao hawajakusamehe kwa ajili ya mzee. Wamekataa kukuita. Nimewaambia, leo ni zamu yangu ya kupika, na mimi chakula changu nikipika naita watu wote.” Aligonga upawa kwenye fremu ya mlango, mara moja, kama aliyejikasirikia. “Kaniki amesema kuna mtu leo yuko kule Kituoni ametiwa chuma. Ni kweli?”

“Nimemwacha anaingizwa.”

Hidaya aliupangusa upawa kwa ncha ya khanga. “Haya. Usikae humo kama mwari. Njoo ule.”

Ukumbini mazungumzo yalikatika walipotokea. Kwenye mkeka wa kwanza, karibu na Kaniki na mkongojo wake, alikaa mzee Mbelwa, kofia kichwani, mguu wake mbovu umelazwa mbele na kuchukua nafasi ya mtu mzima. Pale ndipo Mwantumu alipokuwa akikaa kila Ijumaa. Hapakuwa na nafasi nyingine.

Alisimama. Hakuna aliyesogea.

Mzee hakumtazama. Aliushika mguu wake kwa mikono miwili, chini ya goti, kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Akauinua, uso umemkunjamana, akauvuta kwake taratibu mpaka mkeka ukaonekana.

“Pilau inapoa,” alisema. “Karibu.”